Maji ya Kumnyeshea Bibi

Tarehe 2, mwezi wa tano

Kwako mjukuu wangu, fundi wa mabomba ya hospitali,

Mimi mzima, mbuzi wazima, na nyumba imesimama wima kama nilivyoisimamisha. Usinipigie simu. Simu mnanikatia maneno katikati, barua haikatiki. Hii ataileta dereva wa lori la mchanga, na majibu umpe yeye yeye, anapita huku kila siku ya tatu.

Nimesikia bibi yako alivyosema huko kwa mama yako. Kwamba baada ya kupasuliwa nyonga, hospitali walimkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya shawa, maji yakamnyeshea kuanzia utosini, na kwamba hawezi tena kuinamia ndoo. Daktari atamruhusu kusafiri tarehe ishirini na nane, na kama kwangu bado ni ndoo, basi atabaki kwa mama yako moja kwa moja. Moja kwa moja! Mama yako ameniandikia hayo kama mtu anayeandika hati ya kiwanja.

Sasa sikiliza. Mimi ndimi Timazi. Jina hilo sikujipa, nilipewa na watu walioona kuta zangu zimenyooka kama kamba ya timazi. Nyumba arobaini na moja nimejenga, na hakuna hata moja iliyoinama. Shawa ni nini? Ni ndoo iliyotobolewa ikaning'inizwa. Nitaijenga. Lile pipa letu nimelitoa, nimepata tangi la lita elfu mbili, tumbo lake watu watatu hawalikumbatii. Litakaa juu ya mnara wa mawe wa futi saba, ubavuni mwa bafu. Tangi kubwa, uzito mkubwa, msukumo mkubwa. Bibi yako itabidi ashike ukuta asichukuliwe na maji.

Nataka kitu kimoja tu kutoka kwako: kichwa cha shawa, kikubwa kuliko vyote, kipana kama sinia. Usiniletee ushauri, niletee kichwa. Na bibi yako asijue neno, nataka afike akute.

Mimi babu yako,
Timazi


Tarehe 5, mwezi wa tano

Babu, mume wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea karakanani, chini ya hospitali, kati ya bomba la mvuke na bomba la maji baridi. Nimecheka mpaka mkuu wa karakana akauliza kama nimepata mchumba. Nimemwambia ninaye, ana miaka sabini na tatu na ni mbishi.

Ya bibi ni kweli. Mimi ndiye niliyemfungulia koki siku ile ya kwanza. Akasema, "Kumbe mtu anaweza kunyeshewa bila kukimbia." Tangu hapo, mpaka alipotoka hospitalini, aliomba awe wa mwisho kuoga, asije akaharakishwa.

Kichwa ni hiki hapa, lakini ni kidogo, kinaenea kiganjani. Usinune. Kichwa kipana kina matundu mengi, na matundu mengi yanagawana nguvu ile ile mpaka kila moja linabaki na machozi. Ushauri nao nimeufunga humo humo, utaukuta: tangi kubwa haliongezi msukumo. Linaongeza muda wa kuoga tu. Kinachosukuma ni kimo, kutoka uso wa maji yaliyomo tangini mpaka kwenye kichwa cha shawa. Na maji ya bomba la mtaa yanakuja mara mbili kwa wiki. Yale yaliyokuwa yakijaza pipa, ndani ya hilo tumbo kubwa yatatandaa chini tu kama mkeka. Mnara wako futi saba, kichwa kitakaa futi sita na nusu. Babu, unampa bibi maji ya kushuka nusu futi!

Niambie basi, na bomba umelipitisha wapi?

Mjukuu wako


Tarehe 8, mwezi wa tano

Kwako mjukuu,

Kichwa nimekipata. Nilidhani umenitumia kifuniko cha birika.

Hilo la kimo waambie watoto wenzako. Mimi nakuuliza swali moja: ukikaliwa na shangazi yako na ukikaliwa na paka, ni sawasawa? Basi. Maji elfu mbili hayawezi kusukuma sawa na maji mia mbili. Hata mbuzi wangu wanalijua hilo.

Kazi imekwisha. Bomba linatoka tangini, linapanda ukuta wa bafu kwa nje mpaka juu kabisa chini ya bati, linavuka, linashuka kwa ndani mpaka kwenye koki iliyo usawa wa kiuno, ndipo linapanda tena kwenye kichwa. Utaniuliza kwa nini halikupita katikati ya ukuta. Kwa sababu ukuta huo ndio wangu wa kwanza. Niliujenga mwaka niliomuoa bibi yako, sina pimamaji, nina kamba na jiwe tu, na mpaka leo ukiweka gololi juu yake haibingiriki. Bibi yako aliomba dirisha mle bafuni tangu siku aliyoingia. Nikamwambia ukuta wa Timazi hautobolewi. Akaomba, akachoka, akanyamaza. Mambo yakaisha. Sasa wewe unadhani nitautoboa kwa ajili ya bomba?

Maji yanatoka. Mwambie mama yako asinunue kitu chochote.

Timazi


Tarehe 12, mwezi wa tano

Shikamoo babu,

Umeandika maji yanatoka. Hukuandika yanatokaje. Dereva wa lori ameniambia alikukuta bafuni umevua shati, umejipaka sabuni mwili mzima, umesimama chini ya shawa unatazama juu kama mtu anayesubiri embe lidondoke, na maji yanakuangukia begani tone moja moja. Anasema ulimwomba ndoo ya kujisuuzia, ukamwapisha asiseme. Akaapa. Kisha akaniambia mimi, eti mimi si mtu wa nje.

Babu, sina nafasi ya kubembeleza. Jana mama ameleta nyumbani kwake kitanda kipya cha bibi, na kabati, na kandambili zisizoteleza. Bibi amekikalia kitanda akasema, "Kizuri." Kisha akageukia ukutani. Zimebaki siku kumi na sita.

Nakuuliza kama fundi kwa fundi. Ule mpira wako wa levo, mwembamba, unaoonyesha maji yaliyo ndani, ndio uliosawazishia pembe za nyumba zote arobaini na moja, si ndiyo? Ncha moja pembe hii, ncha nyingine pembe ile, maji yanasimama usawa mmoja. Sasa chukua lile pipa ulilolitoa, lijaze, ncha moja ya mpira uiunge pale chini kwenye koki yake, ncha ya pili uishike juu kando ya pipa. Maji ya pipa, kwa unene wake wote, yatayasukuma ya mpira yapande kulipita pipa lenyewe? Jaribu. Yakipanda hata inchi moja, nitakuja huko kwa miguu nikuombe radhi mbele ya mbuzi.

Yasipopanda, basi mpira huo huo upimie mteremko wa nyuma ya nyumba, kuanzia usawa wa kichwa cha shawa mpaka kule juu kwenye mwamba bapa linapopita bomba la mtaa. Niandikie ni futi ngapi, maana tangi litahamia huko. Na bomba la kushuka kutoka huko liwe la inchi moja, la nusu inchi maji yatachoka njiani.

Mjukuu wako anayekupenda hata ukiwa na sabuni


Tarehe 17, mwezi wa tano

Kwako mjukuu,

Nimegundua jambo. Kaa chini kwanza.

Maji hayajali unene! Hayajali kabisa! Nimelijaribu jambo hili mimi Timazi kwa akili yangu mwenyewe, kwa pipa na mpira wa levo, mara tano, na mara ya sita nikamwita jirani muuza mkaa awe shahidi. Pipa lina tumbo kama la tajiri, mpira haufiki unene wa kidole, na maji yamesimama usawa mmoja kama mapacha wamevalishwa sare! Muuza mkaa akasema, "Mzee, rudia." Nikarudia. Miaka arobaini nimeushika mpira ule na haukunieleza kitu. Waandikie wakubwa wa huko hospitalini nao wajue: kinachosukuma ni kimo. Wewe mwenyewe ulikuwa umekaribia kuelewa.

Siku ile ile nikapima mteremko, kituo kwa kituo, muuza mkaa ameshika ncha ya chini, mimi ya juu. Kutoka kichwa cha shawa mpaka mwamba bapa, futi kumi na moja! Kumi na moja, na kila siku nilikuwa nazikanyaga nikifuata mbuzi! Kesho yake tukalibingirisha tangi kulipandisha: mimi, dereva, muuza mkaa, na waashi wawili niliowafunza mwenyewe. Dereva akauliza, "Mzee, wewe unasukuma au umeegemea?" Nikamjibu mimi nasukuma kwa kimo.

Bomba la inchi moja limeteremka vizuri. Kwenye njia ya mbuzi nimelipitisha juu, juu ya nguzo mbili za futi saba, kama lango la mkuu wa mkoa, watu wapite chini yake waone kazi. Pale bafuni linavuka juu ya ukuta kama mwanzo.

Sasa kuna kajambo. Ni kadogo tu. Nilipofungua koki, bomba lilikohoa mara moja, likatema funda la tope, kisha kimya. Hata yale matone ya zamani hayapo. Tangi liko mlimani lina maji, bafu liko chini limekauka. Nimefunga, nimefungua, nimeligonga kwa nyundo, nimelitukana, nimeliomba. Kitu hakuna. Kajambo kadogo, lakini kama una nafasi, jibu wakati dereva hajazima gari.

Timazi


Tarehe 20, mwezi wa tano

Babu, mume wangu, shikamoo,

Ni hewa! Nilivyosoma neno "lango" nikaruka kitini. Ni hewa, na inaweza kutolewa!

Maji yanateremka vizuri, yanafika kwenye lango, yanapanda. Yakivuka mgongo, upande wa pili kuna hewa imekaa, haina pa kwenda. Mgongo huo unakula futi saba za kimo chako. Kisha ukuta: kutoka juu chini ya bati mpaka kwenye koki ni futi sita na nusu nyingine za hewa. Jumla kumi na tatu na nusu. Wewe unazo kumi na moja. Maji yamedaiwa futi nyingi kuliko yalizonazo, yamesimama.

Livunje lango, bomba lizike chini ya njia. Halafu, babu, ninaandika huku nimefumba jicho moja: bomba lipite ndani ya ukuta. Ni tundu la inchi moja na nusu, halizidi pete ya ufunguo. Kuanzia tangini mpaka kwenye koki liwe linateremka tu, lisipande popote, na hewa itatoka yenyewe kwenye kichwa. Zimebaki siku nane.

Kuna jambo la pili, nimekosa. Barua zako nilizificha chini ya godoro jipya la bibi, nikidhani hawezi kuinama. Amezitoa kwa ncha ya mkongojo wake. Amezisoma zote. Akaomba kalamu. Barua yake imo humu, imegundishwa kwa gundi ya mabomba. Ameniambia nisiisome, sijaisoma.

Mjukuu wako


Tarehe 20, mwezi wa tano

Baba wa watoto wangu,

Nimesoma barua zako zote. Ile ya pipa na mpira nimeisoma mara mbili, nikacheka mpaka nyonga ikaniuma. Hujabadilika, nimefurahi.

Umemwandikia mtoto kwamba niliomba dirisha, nikachoka, nikanyamaza. Sikuchoka.

Nilikuambia siku ile niliyovunjika nyonga kwamba niliteleza kwenye kamba ya nguo. Sivyo. Nilianguka bafuni. Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa uani, na mle ndani giza kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Niliinama kutafuta kata ndani ya ndoo, sikuuona ule ukingo wa sakafu, nikajikwaa. Kutoka pale mpaka kwenye kamba ni hatua nne. Nilizivuta zote nne nimeshika ukuta wako, ndipo nikakuita. Nilitaka unikute kwenye kamba. Asubuhi ile ile ulikuwa umemleta mgeni kuuona huo ukuta, unaupigapiga kama ng'ombe wa maonyesho. Sikuwa na moyo wa kukwambia.

Ni kweli ukuta wako haujainama. Niliyeinama ni mimi, miaka arobaini na nne.

Maji yakitoka yasitoke, nilitaka ulijue hilo kabla ya tarehe ishirini na nane. Nisalimie mbuzi.

Mama watoto


Tarehe 25, mwezi wa tano

Mke wangu,

Barua yako nilipewa nikiwa juu ya ngazi. Nikashuka, nikasoma nusu nimesimama. Kisha nikaona niimalizie mle bafuni, nimefunga mlango, watu wasinitazame. Sikuweza. Giza. Saa saba ya mchana, nimeishika karatasi puani, sioni hata herufi moja. Ikabidi nitoke nje nimalizie uani, pale pale kwenye kamba.

Nikachukua tindo na nyundo.

Nilianza na tundu la bomba, inchi moja na nusu kama fundi wa hospitali alivyosema. Tofali lilinikatalia. Mwaka ule nilitia saruji nyingi, nilikuwa bwana harusi. Lilipotoboka, jua likaingia jembamba kama uzi, likaangukia wapi? Kwenye ule ukingo wa sakafu. Nikauona. Nikakaa juu ya ndoo nikautazama. Halafu nikainuka na sikuacha tena. Muuza mkaa alikuja mbio akidhani nimeingiwa na wazimu, akasema, "Timazi, huo si ndio ule ukuta?" Nikamwambia ndio ule, shika mtaimbo.

Dirisha ni futi mbili kwa futi mbili na nusu. Juu yake nimetia linta ya zege ibebe ukuta, kioo ni cha ukungu, linafunguka kwa nje. Nimelipima kwa timazi na kwa pimamaji, limenyooka kuliko ukuta wenyewe, na nikitazama vizuri naona ukuta ulikuwa unalihitaji. Ule ukingo nimeupasua, sakafu ni moja sasa kutoka mlangoni. Nimejenga na kiti cha saruji chini ya shawa. Urefu wake nimeuchukua kwenye kigoda chako cha jikoni, maana hicho ndicho kitu pekee humu ndani ambacho hujawahi kukilalamikia.

Na lango nimelivunja. Bomba limezikwa chini ya njia, linapita ndani ya ukuta, linateremka mwanzo mpaka mwisho, halina kiburi popote.

Sasa subiri nikwambie. Nilifungua koki. Likakohoa. Nikasema ndiyo yale yale. Likakohoa tena, likapiga chafya, likanitemea usoni hewa ya siku nane, na halafu yakaja! Yakaja mke wangu, yakaja yote kwa pamoja, nyuzi nyuzi, yananipiga utosini, mabegani, mgongoni, na mimi nimevaa nguo zangu zote na viatu na penseli sikioni! Nikapiga kelele. Dereva akaingia kuniokoa, akalowa. Muuza mkaa akaingia kumtoa dereva, akalowa, maji yakawa meusi. Tukasimama mle wazee watatu tunacheka kama vichaa, jua linaingia dirishani, na yale maji yote yanang'aa. Nilikuwa sijui kama bafu langu lina rangi. Sakafu ni ya kijivu iliyopauka, ulijua?

Tukaweka ndoo chini tukapima kwa saa ya dereva. Ndoo kubwa, dakika mbili na nusu. Nimepima mara nne.

Maneno mengine siyajui kuyaandika, niliishia darasa la tatu, unanijua. Lile la hatua nne nimelisoma. Nimezipima. Ni hatua zako nne, zangu mbili. Ningekuwa mle ningekubeba.

Dereva atakuja kukuchukua tarehe ishirini na nane kwa gari dogo la shemeji yake. Nimemwambia akiingia shimo hata moja kwa kasi, nitamjengea ukuta mlangoni kwake. Ukitaka kuja, njoo. Mwambie binti yetu kitanda ni kizuri sana, akilalie yeye.

Mumeo,
Timazi


Tarehe 30, mwezi wa tano

Mke mwenzangu, fundi wa mabomba,

Nimefika salama. Dereva aliendesha kama amebeba mayai. Mwambie mama yako asinune, aje na kandambili zake aoge mwenyewe.

Mzee alinipokea barabarani na mkokoteni wa zege, ameutandikia blanketi. Nimekataa, nimeingia kwa mkongojo wangu. Alinifungulia mlango wa bafu akasimama pembeni na kofia mkononi. Nikaona dirisha kabla sijaona shawa. Kwa nje unaonekana mteremko, na mbuzi, na tangi kule juu kwenye mwamba kama limekaa kikao. Miaka yote hiyo sikujua kwamba ukiwa mle bafuni unaweza kuona mbuzi.

Majirani wanakuja wawili wawili kutazama. Anawaambia dirisha lilikuwa kwenye ramani yake tangu mwanzo, alikuwa anasubiri saruji ikomae. Nimemwachia. Anawaeleza na habari ya kimo, huku ameshika mpira wa levo, na anasema kuna mjukuu wake hospitalini ambaye yeye ndiye anayemfundisha.

Jana jioni, watu walipoondoka, niliingia peke yangu. Nikafungua dirisha. Nikakaa kwenye kiti cha saruji, magoti yamekaa sawasawa kabisa. Nikafungua koki, nikafumba macho, maji yakaanzia utosini, na mjukuu wangu, sikuinama hata kidogo.

Haikupita dakika tano akagonga mlango. "Yanatoka?" Sikumjibu. Akagonga tena. "Mama watoto, yanatoka? Yana nguvu?" Nikaongeza koki. Mara ya tatu akazunguka akasimama nyuma ya ukuta, chini ya dirisha, nikamsikia anahema. "Sema basi neno moja tu, yanatoka?"

Nilikuwa nimejipaka sabuni upya. Miaka arobaini na nne nimesubiri dirisha. Na yeye akae hapo nje, asubiri nimalize kuoga.

Bibi yako